Poleni na Likizo

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Tumefika Kimbiji. Saa tano nzima kutoka Kigamboni. Lori la Bakari limezama mchangani mara tatu, na mara zote tatu nimeshuka kusukuma na gauni langu la kanisani. Hii ndiyo likizo.

Leodegar kasoma gazetini kwamba Wazungu wakichoka hawaendi kwa ndugu, wanabeba hema wanakwenda mahali penye kimya. Basi na mume wangu naye! Kaazima hema kwa mpishi wa Mzungu mmoja aliyekwenda kwao. Lina matundu mawili, moja juu ya kichwa changu. Nyumba tunayo Kinondoni. Ya kazi, lakini nyumba, ina mlango na kitasa. Tumeifunga kuja kulala kwenye turubai. Ufunguo kamwachia Bakari, eti amwagilie mchicha wangu. Bakari huyu huyu ambaye hata lori lake hakumbuki kulitia maji.

Gauni la harusi la Auleria, mteja wangu, nimeliacha kwenye cherehani, bado mkono mmoja. Anaolewa tarehe kumi na nane. Na mimi niko hapa natazama mchanga.

Halafu ile barua. Ilikuja Alhamisi kutoka ofisini kwake. Wanapunguza makarani, na barua ndiyo itakayosema kama Leodegar anabaki au anaondoka. Akiondoka, na nyumba imekwenda. Basi ni Bukoba, kwa mama yake, ambaye kila akiandika anauliza nazaa lini. Nimemwambia afungue. Kasema barua ya namna hiyo hufunguliwa mtu akiwa ametulia. Iko mfuko wa ndani wa koti, na koti kalivaa mpaka ufukweni.

Jumapili, 5 Agosti

Hakuna Misa karibu. Tumesali rozari, upepo unapiga hema mpaka sijisikii sauti.

Jiko la mafuta limeziba. Sindano ya kuzibulia imebaki nyumbani. Nimepika kwa kuni mbichi, macho yote mekundu. Kiti ni kimoja, cha kukunja, na anakalia yeye kwa sababu ndiye aliyechoka.

Asubuhi, hatujanawa, wamekuja wanawake watano wa kijijini. Wamekaa chini mbele ya hema kama watu waliofika msibani. Wametuambia poleni. Mkubwa wao ni Bi Mwajabu, mjane, nyumba yake ni hiyo ya makuti hapo juu, na mihogo yote hii ni yake. Nimempa shikamoo. Kaitikia, kisha kauliza taratibu: "Nyumba imeungua, mwanangu?"

Leodegar kamjibu kwamba hapana, tuko likizo tu, tunapumzika.

Wametazamana. Wakasemezana kidogo pembeni. Bi Mwajabu kanigeukia akanishika mkono: "Basi poleni na likizo."

Jumatatu, 6 Agosti

Kaa wameiba sabuni. Sikujua kaa wanaiba sabuni.

Barua? "Bado sijatulia."

Jumanne, 7 Agosti

Bi Mwajabu kaleta mihogo ya nazi na changu wawili wa kukaanga. Kaja na lawama pia. Kasema watu wanamsema. Wageni wanalala nje kama mbuzi, na yeye ana chumba cha uani kinakaa kitupu tangu bintiye aolewe. "Mie nitaficha wapi uso wangu? Wakipita watu wa Buyuni watasema Kimbiji hawana utu."

Leodegar kamshukuru sana. Halafu kamweleza faida za hewa safi. Mama wa watu kamsikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi: "Anaumwa?"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza wiki hii. Leodegar kanuna mpaka jioni, lakini samaki kala yeye, wote wawili.

Jumatano, 8 Agosti

Nimelichukua koti nilikung'ute. Kweli lilikuwa na mchanga, sikuwa na nia nyingine. Bahasha ikaanguka.

Imefunguliwa. Imefunguliwa halafu ikafungwa tena kwa wanga! Mimi ndiye ninayepika wanga wa kola zake, wa muhogo, nauchuja kwa kitambaa, naujua ukikauka unakuwaje. Huu ni wangu. Kautoa kwenye kopo langu chini ya meza, Kinondoni, kabla hatujatoka. Siku nne ananiambia hajatulia, na barua keshaisoma.

Nimeibandua. Kiingereza, mistari sita. Kiingereza changu ni cha futi na inchi. Nimeona jina lake, nimeona Kinondoni na namba ya nyumba yetu, na tarehe: 11 Agosti. Tarehe kumi na moja ni Jumamosi, siku Bakari anakuja kutuchukua. Nikajiambia, pengine wanatupa nyumba ya vyumba viwili kuanzia siku hiyo. Nikajiambia, wangekuwa wanamfukuza asingekuwa anaokota makombe ufukweni.

Nimeirudisha mahali pake. Sitamuuliza. Mdomo anao, aseme mwenyewe. Ila nimekasirika mpaka huu mwandiko siyo wangu.

Alhamisi, 9 Agosti

Leodegar kanipikia chai. Miaka minne ya ndoa hajawahi. Kanipa na kiti.

Nimeinywa. Ilikuwa na moshi. Nimemngoja aseme. Kasema bahari leo imetulia.

Ijumaa, 10 Agosti

Bi Mwajabu kapita akitoka shamba. Kasema chumba kakifagia, na mtungi kaujaza. Nimemjibu vibaya. Nimemwambia, bibi, nyumba tunayo, Kinondoni, na kesho tunarudi kwetu, kwa hiyo chumba chako umpe mwenye shida. Kasema haya mwanangu, akaenda.

Sijui kwa nini nimesema vile. Yeye kanilisha wiki nzima. Kesho nitamwachia kanga yangu mpya kabla ya kupanda lori.

Jioni Leodegar kaniita, "Felicitas." Nikasema naam. Akasema, "Basi." Nilitaka kumtupia sufuria.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeamka mapema kuliko ndege. Nimekunja kila kitu, nimefua gauni la kanisani jana na leo nimelivaa. Mwisho wa mchanga! Leodegar hakuwa anasaidia. Kakaa kwenye kiti, na koti lake.

Lori tumelisikia saa tatu. Nikasimama njiani na kapu mkononi.

Lilikuwa limejaa. Nikadhani Bakari kapata mzigo wa mtu mwingine, nikaanza kugomba, sisi tutakaa wapi? Ndipo nikaona miguu ya kitanda imetazama juu. Mguu mmoja umefungwa kitambaa cha bluu. Nilikifunga mimi, ulikuwa unakwaruza sakafu. Na kabati. Na masufuria yangu kwenye gunia. Na cherehani, gauni la Auleria bado limebanwa chini ya sindano, mkono mmoja unaning'inia, una vumbi la njia nzima. Hata mchicha kaung'oa, kauleta kwenye ndoo.

Bakari kashuka akanipa ufunguo, kisha akakumbuka, akauchukua tena. Kasema inabidi aurudishe ofisini kabla ya jioni.

Leodegar kasema alitaka nipumzike kwanza. Ndivyo alivyosema. Kasema huko Bukoba sitapata nafasi ya kupumzika, na nauli ya meli na treni bado anaitafuta.

Nimewaambia washushe cherehani kwanza, nikaikalia.

Bi Mwajabu keshafika. Wiki nzima kila akija anatuambia poleni, leo hakusema. Kazunguka lori, kashika mguu wa kitanda, ule wenye kitambaa, anangoja mtu wa kushika upande wa pili. Bakari kauliza kwa mara ya tatu: ashushe hapa hapa mchangani, au kwa bibi, au arudi na vyombo mjini, maana maji ya bahari yanajaa na njia itafungwa. Leodegar kaniangalia mimi. Wote wananiangalia mimi.

Naona wanashangaa ninaandika nini. Mkono wa gauni unahitaji yadi moja tu ya kitambaa na nusu saa ya kazi. Bakari kawasha injini, na mimi nafunga daftari nikamshikie Bi Mwajabu upande wa pili wa kitanda.