Saba Isiyo na Mkanda

Caño Dulce,
Jumatano, tarehe 17 Novemba.

Kaka yangu mpendwa Ubaldo,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Nelcy, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua huko bandarini Cartagena umetulia. Sisi huku miili haijambo. Jana Baba alimaliza bakuli mbili za supu ya viazi vikuu na jibini, kisha akalalamika kwamba naipika kama mtu wa mjini. Mvua imekatika tangu Jumapili na matope ya mlangoni yameanza kukauka.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu tunazo. Kaka, ni woga. Kwenye simu ungenikatiza kwa swali, nami ningekudanganya, maana mwezi huu nimekuwa hodari wa kudanganya. Kompyuta nayo nimeiogopa, kwa sababu kabla hujaandika neno inakutaka uchague sura ya herufi, na hapo niliifunga. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nimeikunja mara nne. Nakuomba, kwa heshima ya marehemu Mama, usiifungue mpaka nitakapokuambia.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba unakuja Jumamosi na mnunuzi wa ng'ombe, na kwamba Baba atie sahihi ya mauzo kisha muondoke naye mpaka Cartagena. Umesema mzee asiyeweza tena kusoma namba kwenye simu hafai kuachwa peke yake kando ya mto. Nilimsomea. Hakubisha. Alitoa simu mfukoni akaiweka mezani mbele yangu akasema, "Chukua, mwanangu. Mimi na hii basi." Tangu siku hiyo hasomi kitu. Hata tarehe ya kalenda iliyo ukutani ananiuliza mimi, na huku anaitazama.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuielewa na mimi sijawahi kuwa na subira ya kukueleza. Natengeneza tovuti. Mteja ananiambia anachotaka watu waone, nami napanga rangi, picha na sura ya herufi, ile tunayoiita fonti. Sasa kuna fonti sisi mafundi tunazidharau kama watu wanavyodharau viatu vya mitumba. Moja ni ile ya mviringomviringo iliyo kwenye kadi za sherehe za watoto. Wenzangu wa Sincelejo wanaiita fonti ya piñata, kile kikaragosi cha peremende ambacho watoto hukipasua kwenye sherehe. Ukionekana umeitumia, unachekwa mwaka mzima. Wananiuliza, "Marelvis, keki inakatwa saa ngapi?"

Ndiyo hiyohiyo aliyoitaka Mwalimu Eduvina. Unakumbuka kamati ya mto iliponiomba ukurasa wa kutangaza kina cha maji kila asubuhi? Mwalimu ndiye anayekwenda darajani saa kumi na mbili, anasoma ule ubao wa vipimo, anarudi jikoni kwake na kuiandika namba kwenye simu. Kina kikiwa chini ya mita nne na nusu, watu wa malisho ya bondeni wanakaa. Kikipita hapo, ng'ombe wanapandishwa siku hiyohiyo. Alinijia na karatasi ya daftari, na juu yake alikuwa ameandika herufi zote kwa mkono wake, kama zamani ubaoni. Akaniambia hataki mapambo. Anataka herufi zinazofanana na mkono wake, kwa sababu ndio mkono aliowafundishia watu wote wa hapa. Kisha akagonga karatasi kwa kidole akasema, "Na saba yangu iwe na mkanda. Saba bila mkanda ni moja iliyosahau kuvaa suruali."

Nilicheka. Wewe na mimi tumekula fimbo za vidole kwa sababu ya mkanda huo, kistari cha kuikata saba katikati. Moja ina pua ndefu, saba ina mkanda kiunoni, ndivyo tulivyoimba darasa zima. Nikaitafuta fonti ya piñata, na kweli saba yake ilikuwa na mkanda. Nikaiweka. Mwaka mzima ukurasa ukafanya kazi, na Baba akawa anausoma kule bondeni kila asubuhi akinywa kahawa. Alikuwa akijisifu kwa watu kwamba binti yake ameuingiza mto ndani ya simu.

Lakini mimi niliuonea haya. Mwezi wa kumi ofisi moja ya Medellín iliniandikia kwamba wanatafuta mtu, na wangependa kuona kazi zangu tatu wiki ya kwanza ya Novemba. Kazi yangu moja yenye watu wa kweli ilikuwa huo ukurasa wa mto. Nilipowaza wale watu waliosoma wakiufungua na kuona herufi za sherehe ya mtoto, nilitamani ardhi inimeze.

Yaliyotokea bondeni Jumanne ile ya tarehe mbili unayajua, ila hujui yalivyokuwa kwangu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, si kwetu. Hapa jua lilikuwa kali. Kufika mchana majirani wote wa bondeni walikuwa wamekwisha kupanda na ng'ombe wao, maana walimwona jirani yao Arnulfo, aliyeuona mto kwa macho yake, akihama na wao wakahama. Baba yuko mbali na njia, hakumwona mtu. Jioni maji yalifika kwenye mti wa ceiba. Simu ya Baba ilikuwa imezima. Nilisimama darajani siku mbili, Kaka, na kila gogo lililopita niliona ni yeye. Sikula. Nilikuwa nikihesabu vidole vyangu ili nisiwaze. Alhamisi asubuhi Arnulfo alimkuta na mtumbwi juu ya paa la zizi, midomo imepasuka, amemkumbatia ndama mmoja. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa wamekwenda.

Alipoketishwa gatini watu walimzunguka wakamuuliza kwa nini hakupanda. Akasema namba ilikuwa inashuka: Jumatatu nne na ishirini, Jumanne nne na kumi. Arnulfo akafungua ukurasa kwenye simu yake akamshikia mbele ya uso. Pale palikuwa pameandikwa nne na sabini, kubwa, saba ina mkanda wake. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee, hiyo hata kuku angeisoma." Watu wakacheka, kwa furaha tu ya kumwona mzima. Baba aliitazama ile namba. Kisha akanitafuta mimi kwa macho akasema polepole, "Basi macho yamenikimbia, binti yangu. Au kichwa."

Nami nilinyamaza.

Mwalimu Eduvina alikuja kumwona siku ya pili. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama Jumanne ile ni simu yake peke yake iliyokuwa na kasoro. Nikamjibu ndiyo, Mwalimu, ni yako tu. Alinitazama kama alivyokuwa akilitazama darasa chaki inapopotea, akisubiri. Bado anasubiri. Nikimwona njiani napita nyuma ya kanisa.

Kaka, sasa nasema. Jumatatu tarehe mosi niliiondoa fonti aliyoitaka mteja wangu, bila kumwambia, nikaweka nyingine nyembamba, ya kisasa, ambayo ningejivunia mbele ya watu wa Medellín. Nilikusudia kuirudisha baada ya wiki. Jumanne alfajiri Mwalimu alipoingiza namba alinipigia simu palepale: "Marelvis, saba yangu imevuliwa mkanda. Nani kaivua?" Nikamwambia ni simu yake imechoka, aizime na kuiwasha. Akaniamini, maana ni mimi fundi. Mchana, niliposikia maji yanapanda na Baba hajaonekana, niliikimbilia kompyuta. Kitu cha kwanza nilichofanya si kumtafuta mtu mwenye mtumbwi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuirudisha ile fonti ya piñata, ili atakayefungua asione. Ndiyo maana gatini saba ilikuwa na mkanda. Niliirudisha mimi, kisha nikasimama pale nikamwacha Baba aamini kwamba amezeeka kichwa.

Nimejitetea kwa kila njia. Nimejiambia kwamba saba bila mkanda inasomeka dunia nzima. Ni kweli, lakini Mwalimu hakuniomba ukurasa wa dunia nzima. Aliniomba wa watu aliowafundisha mwenyewe, na alijua wanasoma nini wanapoona kijiti chembamba chenye kikofia. Mimi niliona mwanamke wa kijijini asiyejua kupendeza. Nilimdharau mteja wangu kwa adabu, nikiitikia ndiyo, Mwalimu, na niliyempotosha ni baba yangu.

Nina hofu na wewe, kwa sababu najua hasira yako. Nina hofu na Arnulfo, na ile kamati. Watu wa Medellín waliniandikia kwamba ukurasa wa mto umewapendeza kuliko zote, na tangu hapo siwezi kuijibu barua pepe yao. Lakini hofu iliyonishinda ni Jumamosi. Nikinyamaza, Baba atatia sahihi. Atatia bila kuisoma karatasi, kwa kuwa amekwisha kuamini kwamba hawezi kusoma. Nitaitoa barua hii kwa nahodha wa boti ya saa saba kabla sijamwambia Baba, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Ikishaondoka nitamwambia yeye kwanza, kisha nitakwenda kwa Mwalimu Eduvina, nipitie mbele ya kanisa.

Msalimie sana wifi Nelcy, na shangazi Delcy ukimwona sokoni. Mwambie mhogo wake ulitufaa wiki ya mafuriko. Baba anakusalimu, hajui ninachokuandikia, amekaa nje anasikiliza mto.

Sasa ifungue ile karatasi. Nimechapisha namba ya Jumanne ile kama ukurasa ulivyokuwa asubuhi ile. Wewe ni kijana, macho yako mazima, na ulikaa dawati moja nami kwa Mwalimu Eduvina. Usifikiri. Soma kwa sauti, wifi akusikie.

Hivyo ndivyo alivyosoma Baba.

Mimi dada yako, mwenye hofu na mwenye kukupenda,
Marelvis