Siku Uliyoruka Kutoka Roshani

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na mtoto. Je, mguu bado unakusumbua kukiwa na baridi? Mimi sijambo, ila nyayo zinawaka moto kwa kutembea.

Nimepata kazi ya udodosaji. Nawafuata na fomu watu waliokubali kuhojiwa kuhusu uyoga na vidonge vinavyoleta njozi. Hatuandiki majina, hatumshtaki mtu wala kumsifu. Chuo kinataka kujua nini huwadhuru na nini huwaepusha na madhara. Wapo wanaojibu kama wako mahakamani, wapo wanaosimulia mpaka chai inapoa. Babu mmoja, mstaafu wa posta, aliniambia aliziona barua zote alizowahi kupeleka zikirudi angani kama njiwa, kisha akauliza kama hilo lina kisanduku chake kwenye fomu.

Juzi mchana nilikuwa kwa mshona mapazia. Mapazia yamening'inia kila upande, upepo unayajaza na kuyaachia, nikahisi tumo ndani ya kifua cha mtu aliyelala. Alisema siku aliyotumia uyoga maua ya kitambaa yalifumbuka moja moja, yakatanda mpaka nje ya dirisha, naye akataka kuyafuata. Ghorofa ya tatu, kaka! Nikamsomea swali la kumi na saba: je, kulikuwa na mtu asiyetumia chochote, wa kumwangalia? Akanionyesha mdogo wake aliyekuwa akikunja vitambaa. Binti akacheka. "Nilimshika kifundo cha mguu tangu saa sita mpaka jua linazama. Hata msalani sikwenda! Kazi yangu ilikuwa kukaa tu."

Kalamu ikagoma. Nikasingizia kizunguzungu, wakaniletea maji.

Kaka, miaka kumi na mmoja sasa unaniomba msamaha kwa kunipiga na kunifukuza chumbani siku ile uliyoruka kutoka roshani. Hukunipiga. Hukumbuki kwa sababu halikutokea. Uliniomba nikae nawe mpaka uyoga uishe nguvu, nikakuahidi. Ukajilaza unaitazama dari, unatabasamu. Nikachoka kukutazama, nikashuka kwenda kuonana na kijana mmoja ambaye leo hata sura yake nimeisahau. Niliporudi, watu walikuwa wamekuzunguka pale chini. Alama ya shavuni niliipata kwa kujikwaa ngazini nikikimbia kuja kwako. Mama alipoiona aliuliza kama ni wewe. Nikaitikia kwa kichwa, nikaongeza kwamba ulinifukuza chumbani.

Wifi aliwahi kuninong'oneza kwamba hukubali kubaki peke yako na mtoto, eti huuamini mkono wako. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala.

Mkono wako hauna kosa, kaka. Mbebe mwanao.

Mama nitamweleza mwenyewe Jumapili, uso kwa uso. Ukitaka kunigombeza, njoo. Ukitaka kunyamaza, nitakungoja. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hukuwahi kumpiga.