Jezi Namba Saba

Dada Earline,

Nakuandikia kwa sababu siwezi kupiga simu, taya limevunjika na limefungwa nyaya. Hapa Alabama mvua haikatiki. Mbwa wako uliyeniachia anakula vizuri, jirani anamlisha.

Jumamosi, kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, mwanangu Tavion alirusha mipira mitatu mikononi mwa wapinzani, tukashindwa. Nje ya uwanja watu walichoma mbavu nyuma ya magari yao huku wakimchambua. "Mrushaji gani yule? Mkono umelegea kama uji." Niliona aibu kujulikana kuwa mimi ndiye baba yake, nikapaza sauti kuwashinda wote: "Bora wangemvunja mguu tupumzike."

Jamaa mmoja mnene, amevaa jezi namba saba kama ya Tavion, akaweka koleo la nyama chini. Ngumi ya kwanza iling'oa meno mawili. Ya pili ilinibwaga pamoja na jiko, makaa yakaniunguza bega. Akanikanyaga kifua. "Yule ni mtoto wa mtu, mshenzi wewe. Baba yake akikusikia je?"

Damu ilinijaa mdomoni, nikaitema pamoja na meno.

Tavion anashinda hapa hospitalini, kando ya kitanda changu. Anawaambia manesi nilipigwa nikimtetea. Nyaya zitatolewa baada ya wiki sita, na nimemwandikia daktari kikaratasi kumwomba aongeze muda.

Kaka yako,
Roscoe