Siku Babu Alipompisha Mama Mkwe kwa Skuta

Marion uko?? Nyanya ameanika siri ya Babu mbele ya wageni wote. Nimekimbilia jikoni kucheka 😭

1968. Babu Thadeus ana skuta mpya, anaenda Sironga kuringia wakwe kabla ya harusi. Kubadilisha gia anajua. Kusimama, bado!!

Anateremka kilima mbio, nani huyo anapanda na kikapu cha ndizi? Mama mkwe! Na si unajua zamani mtu na mama mkwe wake hawakuangaliana wala kusemezana.

Babu akageuza uso, akaacha barabara ampishe. Kumbe mama naye, kwa heshima hiyo hiyo, ameshajificha upande ule ule, kwenye migomba!!

WOTE WAWILI, Marion. Migomba ile ile.

Skuta ikalala ikinguruma. Babu kifudifudi matopeni, anaomba ardhi immeze. Amemuumiza? Harusi bado ipo kweli?

Halafu mama mkwe, uso ameugeuzia kwenye migomba, akaiambia SKUTA: "Wewe skuta, mwambie huyo anayekuendesha, binti yangu hapandi hapo mpaka dereva wako ajue breki iko wapi."

SKUTA, Marion!!

Na Babu, kwa vile kumjibu ni mwiko, akanyoosha mkono polepole, akapiga honi.