Alama Ndani ya Saa

Dzaleka, 14 Juni 2000

Dada Odette,

Huku kambini batoto banakohoa kidogo, nsima, ugali wa huku, tumeizoea, na kazi ya kutengeneza saa inatulisha. Tulifurahi kusikia Fabrice anataka kukuoa.

Sasa kaa chini nikueleze. Jana nilinunua saa kuukuu ya otomatiki kule soko la Biwi, nitoe piesi za kutengenezea saa ya pasta wetu. Kufungua mfuniko, nikakuta mwandiko wangu! Unajua kila saa ninayotengeneza naichora ndani kwa sindano. Hii imeandikwa: "Uvira 1995, shemeji Rodrigue." Mume wako, Odette! Yeye tuliyemlilia matanga bila maiti.

Nikarudi Biwi mbio, tayari kumkaba muuzaji. Nilijua atataja askari aliyeivua maiti. Kumbe akasema: "Mwenyewe aliivua mkononi juzi, hapa mbele yangu. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu tu. Aliniuliza njia ya Dzaleka."

Vidole viwili vya Rodrigue si vilikatwa na msumeno, ukavifunga we mwenyewe kwa kitenge chako?

Dada, mahari ya Fabrice usiipokee kwanza.

Kaka yako mwenye kuangalia barabara tangu asubuhi,
Evariste