Nani Analichemsha Gari Langu?

Jumatatu, 3 Machi

Limechemsha tena. Mlima uleule, baada ya kona ya machimbo ya mawe. Mshale umelala kwenye nyekundu, mvuke unafuka chini ya boneti, na mimi natukana mbele ya dada aliyenilea.

Tulikuwa tunampeleka Dada kwa vipimo, hospitali ya juu mlimani. Daktari wa mifupa alitoa tarehe mwezi uliopita: Jumanne ya tarehe 18. Nyonga ya Dada itabadilishwa. Akiikosa siku hiyo, kitanda anapewa mwingine na foleni inaanza upya – mwaka mzima, pengine zaidi. Tarehe hiyo nimeipigania kwa barua, kwa simu, kwa makala mbili na kelele moja redioni. Nimeipata. Na sasa kinachosimama kati ya Dada na kutembea ni maji ya rejeta!

Basi haliwezi kumbeba. Akiketi wima analia bila sauti. Ambulensi haibebi wagonjwa waliopangiwa tarehe. Kiti cha mbele cha gari langu kuukuu hulala mpaka nyuma kabisa, kama kitanda. Magari ya siku hizi yana vioo vinavyojishusha vyenyewe lakini kiti hakilali. Maendeleo hayo!

Nilishika kitambaa nifungue mfuniko wa rejeta. Shemeji – mume wa Dada, dereva wa lori mstaafu, mtu anayetoa maneno kama anatoa damu – akaudaka mkono wangu. "Usiguse! Una haraka gani ya kuungua uso?" Tukasubiri lipoe. Akajaza maji, akafunga, akapangusa. Akasema gari limechoka, kama sisi.

Sipendi mtu anayekubali kushindwa kwa utulivu namna ile.

Jumatano, 5 Machi

Gereji. Mwaka jana niliandika makala "Wezi wa Spana". Mimi nilikuwa nimeshaisahau. Wao hawajasahau. Imebandikwa ukutani juu ya mtungi wa gesi, na picha yangu imechorwa masharubu.

Fundi mkuu wanamwita Profesa, kwa kuwa hajapata kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Amenipokea kama balozi. Kiti kimepanguswa! "Karibu, mama mwandishi. Ulisema sisi tunabuni magonjwa. Basi leo hatubuni. Taja wewe tufungue nini, sisi tunafungua. Kitakachotoka unakwenda nacho."

Sauti kutoka chini ya pikapu: "Na spana azihesabu kabla hajaondoka!" Gereji nzima ikacheka.

Sifuti hata nukta. Kila neno nililimaanisha. Nikataja thamostati, kwa sauti ya mtu anayejua. Wakaichomoa, wakaifunga kwenye gazeti. Ukurasa wangu! Makusudi!

Alhamisi, 6 Machi

Thamostati ni kilango kidogo cha chuma. Injini ikiwa baridi kinafunga. Ikipata moto kinafunguka, maji yaende kupoa kwenye rejeta. Kitabu cha gari kinasema: ukiitilia shaka, ichemshe uone.

Nimeichemsha. Sufuria, jiko, mimi nimeinama na miwani imejaa mvuke. Dada kwenye kiti chake chenye mito: "Tia na kitunguu, mdogo wangu, tusile ugali mkavu." Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kilango kimefunguka polepole, kwa adabu, sawasawa na kitabu. Hakina kosa. Nimekihukumu kabla ya kukisikiliza – mimi, ninayewatukana mahakimu kwa kosa hilohilo!

Dada akauliza: "Kwa hiyo likipona tunakwenda?"

Tunakwenda, Dada. Hata kwa kulisukuma.

Akaitazama sufuria. "Haya."

Jumamosi, 8 Machi

Thamostati imerudishwa mahali pake. Tumekagua mengine, mimi nikitaja, wao wakifungua. Mkanda wa feni umekaza. Feni inazunguka. Pampu inasukuma, maji nimeyaona kwa macho yangu yakipita. Mipira ya maji haina ufa.

Profesa akashindwa kujizuia. Mtu wa namna yake unamziba mdomo kwa muda tu. "Mama, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na oili ndani ya injini. Imeungua. Tushushe kichwa cha injini." Muda gani? "Mpaka mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi! Nikamwomba ushahidi. Oili ni safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji hayatoi mapovu injini ikiunguruma. Moshi wa nyuma si mweupe. Basi gasketi imeungua wapi, kwenye ndoto?

Nimelitoa hapo hapo nikapanda mlima peke yangu. Machimbo nimeyapita. Mshale katikati, umetulia kama mtu aliyeshiba. Nimerudi kumwambia Profesa. Jibu lake: "Limekuogopa."

Jumatatu, 10 Machi

Dada kwenda kupimwa damu, hapa mjini, njia tambarare. Limechemsha kabla ya mzunguko wa barabara! Dada amekaa kwenye mvuke, uso umemlegea kama mtu anayepumzika. Shemeji nyuma, kitambaa mkononi.

Nifikiri kwa utaratibu. Likitoka gereji halichemshi. Likitoka nyumbani linachemsha. Injini haijui anwani. Kwa hiyo kuna kinachofanyika hapa uani, kati ya jioni na asubuhi.

Nani? Jirani wa ukuta wa nyuma, niliyempeleka barazani kwa mfereji wake wa maji machafu? Yule diwani niliyemwita debe tupu mbele ya wapiga kura wake? Maadui ninao wa kujaza ukumbi na wengine wakakosa viti. Sitasema uongo kwenye karatasi yangu mwenyewe: wazo la kuhujumiwa limenipa kiburi kidogo. Gari la mtu asiyesomwa haliharibiwi na mtu.

Nimenunua kufuli jipya la geti. Ufunguo ninao mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata!

Jana jioni nilisoma ukurasa wa mfuniko wa rejeta, ukurasa ambao kila mtu anauruka. Mfuniko una vituo viwili. Ukiuzungusha mpaka kituo cha kwanza, unaonekana umefungwa lakini haubani. Lazima uukandamize na kuuzungusha tena mpaka mwisho. Ukibana, maji yanavumilia moto mkali bila kuchemka. Usipobana yanachemka mapema, yanatoroka kwa mpira wa pembeni, na ukifika mlimani huna maji.

Nikaufunga mwenyewe mpaka mwisho. Kisha nikachukua rangi ya kucha – nyekundu, ya harusi ya mwaka juzi, bado inafaa – nikachora mstari mmoja kutoka kwenye mfuniko kushuka kwenye shingo ya rejeta. Mtu akiugusa, mstari unavunjika.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda redioni, nimeinua boneti. Mstari umevunjika. Nusu iko huku, nusu kule. Kituo cha kwanza!

Geti lilikuwa na kufuli. Hakuna aliyeingia. Na kila asubuhi mtu mmoja tu hufungua boneti hiyo, "kuangalia maji", na kitambaa begani.

Aliyeendesha lori maisha yake yote.

Alhamisi, 13 Machi

Haki kwanza. Huenda ni mikono tu. Uzee. Kukandamiza na kuzungusha si kazi ndogo.

Nimempa chupa ya jemu ambayo mimi imenishinda. "Shemeji, nisaidie." Ameifungua bila kuinua macho kutoka kwenye redio.

Mikono mizima.

Basi ni nini? Nimewaza mabaya na nitayaandika. Kuna wanaume hupenda mke asiyeweza kutoka. Anamnawisha, anamvisha, anamsukumia mto mgongoni. Watu wanamsifu – mume gani huyu! Dada akitembea, yeye atakuwa nani? Nimewaandika madikteta wanaofoka. Wa kimya nilikuwa sijamwandika. Anaweza kuwa anapangusa gari langu kila siku, ananiita shemeji, ananiachia kipande kikubwa cha mkate.

Chakula cha mchana nimekila bila kumtazama. Ameuliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi, jua limeshatoka. Nimesimama nyuma ya pazia la sebuleni kama shangazi mmbeya.

Akatoka na ndoo. Akainua boneti. Akafungua mfuniko, akatazama, akaongeza maji. Akafunga – mpaka mwisho! Nikaona bega lake likikandamiza. Nikaanza kuona haya.

Halafu akasimama. Mkono bado juu ya mfuniko. Akageuza kichwa kuelekea dirisha la chumba chao.

Dada alikuwa dirishani. Ameshika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, amesimama kwa mguu mmoja mzima. Wakatazamana. Dada akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Shemeji akaurudisha mfuniko nyuma. Taratibu. Kituo cha kwanza.

Sijala. Sijaandika makala ya Jumatatu. Mhariri amepiga simu, sikupokea.

Jumapili, 16 Machi

Nimesubiri chai imiminwe. Kisha nikauweka mfuniko mezani, kati ya sukari na mkate.

"Shemeji. Kwa nini?"

Akautazama kama mtoto aliyekutwa. Dada akasogeza kikombe. "Mwache mume wangu. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Kufanya nini? Kuua injini yangu?"

Hapo Shemeji akaumia kweli. "Sijaua injini hata moja, shemeji! Maisha yangu yote! Nilikuwa napima. Lichemshe, lisiungue."

"Hongera!"

"Usimpigie kelele," Dada akasema. "Siku ile ya kupewa tarehe, kule hospitali, ulipokuwa unagombana na mtu wa mapokezi, daktari wa dawa ya usingizi alituita pembeni. Amepima moyo wangu. Anasema ni dhaifu. Naweza kulala pale mezani nisiamke."

"Alisema unaweza! Hakusema lazima! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Ungeuandikia moyo wangu makala."

Shemeji alicheka! Akaziba mdomo kwa kitambaa cha gari.

"Bila upasuaji, mwaka hauishi hujawa wa kitandani. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Na maumivu?"

"Maumivu ni yangu, mdogo wangu. Hayo hujanipokea."

"Sasa si ungesema hutaki! Neno moja! Mnanichemshia gari barabarani kama wahuni?"

"Wewe hukataliwi. Mtu akikukatalia leo, kesho unarudi na vitabu. Tangu ukiwa mdogo. Nilikunyima viatu vyekundu, ukanifuata mpaka kisimani unatoa sababu."

"Kwa hiyo hutaki, basi? Unataka au hutaki? Dada, unataka nini?"

Dada akaweka kikombe chini. "Ehee. Hilo swali ndiyo kwanza naulizwa."

"Na jibu?"

"Silijui. Nikiamka na maumivu, nataka. Nikimsikia huyu akikoroma, nataka kuendelea kumsikia. Tarehe umeileta wewe, mikono juu, umeshangilia. Tukaona gari likikataa kidogo, tutapata nafasi ya kutojua."

Nilikuwa na hoja. Zilikuja zenyewe, zimejipanga: takwimu za upasuaji, umri wake, jina la daktari. Nikafungua mdomo. Nikaanza na ya kwanza.

"Shemeji," akasema yule mtu asiyesema. "Leo tu. Nyamaza."

Nikanyamaza. Chai ikapoa. Nilikwenda nje, nikaurudisha mfuniko, nikaukandamiza mpaka mwisho. Hakuna aliyenizuia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepanda mlima peke yangu na kushuka. Mshale katikati. Injini ni nzima. Ilikuwa nzima siku zote.

Profesa kwenye simu: ilikuwa gasketi? Mfuniko, nikamwambia. "Nilijua," akasema. Mshenzi.

Nyumbani tunapishana kama wapangaji. Simwamini Shemeji. Siamini kimya cha Dada. Zaidi ya wote simwamini huyu anayeandika: mara tatu leo nimejikuta mlangoni kwa Dada na sentensi nzuri mdomoni. Mara tatu nimegeuka. Sentensi ya mwisho ilikuwa nzuri kweli.

Ningejua tu kama nanyamaza kwa heshima au kwa hila. Kunyamaza nako ni njia ya kumshinda mtu. Nimeona wanasiasa wakiitumia.

Begi dogo limetolewa juu ya kabati. Liko kitandani, wazi, tupu.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi. Naandika nikiwa jikoni, nimesimama dirishani.

Kitu cha kwanza nimeukagua mfuniko. Umebana. Hakuna aliyeugusa. Sababu ya kutulia hiyo, lakini mimi ndiyo kwanza nimeingiwa na wasiwasi: kwa nini leo hawakuugusa? Wamekata shauri? Lipi?

Nimeliwasha lipate moto. Linaunguruma uani. Nimelaza kiti cha mbele. Nimefungua mlango wa gari, halafu nimerudi ndani ya nyumba na kuwaacha. Sikusema chochote! Hata "karibuni" sikusema, kwa kuogopa itasikika kama hoja.

Dada ametoka mwenyewe, kwa fimbo. Amevaa gauni la kijani. Gauni la safari? La nyumbani? Analivaa popote. Begi halionekani – labda liko nyuma ya mlango, labda Shemeji amelitia kwenye buti nilipokuwa bafuni. Nimejizuia kwenda kutazama buti.

Ameketi. Mgongo umelala kwenye kiti. Mguu mzima ameuingiza. Ule mbovu bado uko nje, kisigino kwenye saruji. Hawezi kuunyanyua mwenyewe. Lazima mtu aushike kwa mikono miwili na kuuingiza, au amshike kwapani na kumsimamisha tena.

Shemeji yuko pembeni, mikono nyuma. Hamgusi. Hamsemeshi. Anatazama mshale kupitia kioo cha mbele, kana kwamba mshale ndio mgonjwa.

Foleni ya asubuhi itaanza barabarani sasa hivi. Tukichelewa kuondoka, tumechelewa. Ninajua mambo saba ya kumwambia.

Nimeuma kalamu. Nimeandika mstari huu ili mkono uwe na kazi.

Feni imenguruma, imetulia. Linavumilia.

Amefumba macho. Amefumbua. Anageuka – si kwangu – ameshika mkono wa kanzu ya mumewe, anamvuta ainame, anamwambia kitu sikioni. Siwezi kusikia kwa sababu ya injini. Shemeji anaitikia. Anapiga goti moja kwenye saruji, anaushika ule mguu kwa mikono miwili, na kuuingiza ndani. Naweka kalamu chini.