Kiwiko Kimoja, Majibu Mawili

Shikamoo, Baba Kabula.

Ni mwezi wa tano tangu tukuzike Ushirombo, na leo ndiyo nimepata moyo wa kukuandikia. Hapa kazini Geita daktari mwingine wa mifupa hajaletwa, kwa hiyo viwiko vyote vinatuangukia mimi na tabibu mwenzangu Masanja. Chai ya saa nne tunakunywa bila utani wako, haina ladha.

Naikumbuka Jumatatu ile. Ulikuwa na mtindo wako: unachomoa picha za zamani za eksirei, unafunika jina la mgonjwa, kila mmoja anaandika kwenye karatasi kama mfupa una ufa tu, umesogea, au umevunjika vipande. Baada ya wiki kadhaa unaturudishia picha ileile bila kusema, uone kama tutajibu vilevile. Mimi mjuaji nikakutega. Nikachomeka picha uliyokwisha kuisoma, ukaandika "ufa tu", nami nikatoa karatasi yako ya zamani iliyosema "umesogea". Nikasema mbele ya wote, "Dokta, macho yamezeeka. Waachie vijana."

Ulicheka, ukafuta miwani kwa ncha ya shati. "Kumbe na mimi nimo," ukasema, tukaendelea na kazi. Nilijiona nimeshinda. Wiki mbili baadaye presha ikakuchukua, na sikuwa nimekuomba radhi. Linaniuma, Baba Kabula. Linaniuma kila siku.

Baada ya arobaini yako, Kabula alikuja kuchukua vitu vyako kabatini, akanipa bahasha yenye jina langu. Nikadhani ni barua. Zilikuwa karatasi zangu mwenyewe, umezibana mbili mbili. Picha ileile, mwandiko wangu uleule, mara "ufa tu", mara "umesogea". Kuna kiwiko kimoja nilikipa majibu matatu. Juu yake umeandika kwa penseli: "Nimwambie tukiwa wawili tu."

Siku niliyokuaibisha ulikuwa nazo tayari, kabatini, hatua tatu kutoka uliposimama. Ungeweza kuzitoa. Hukuzitoa. Nilijifungia stoo nikalia mpaka Masanja akaja kugonga.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Rwamgasa, anaponda mawe ya dhahabu, ameanguka na bodaboda. "Dokta, mkono huu ukiharibika wanangu watakula nini?" Niliona ufa tu, nikataka kumfunga plasta arudi nyumbani. Nikasita. Nikampa Masanja picha bila kumwambia nilichoona. Akasema umesogea. Zamani ningebishana naye hadi jioni. Safari hii tulipiga picha nyingine kwa upande, tukaitazama pamoja, na kweli kipande kilikuwa kimesogea. Tukampeleka Mwanza, akafanyiwa upasuaji. Wiki iliyopita alirudi kutuonyesha, akakunja mkono mpaka akajishika sikio. "Wabeja, dokta," akaniambia. Shukrani ile nimeipokea kwa aibu, maana peke yangu ningemlemaza.

Kesho ni Jumatatu. Walewale waliokuwepo siku ile watakuwepo. Nitabandika karatasi zangu zote ukutani, ile ya majibu matatu katikati, niwaambie nani aliyenisitiri, halafu nikuombe radhi palepale nilipokuvunjia heshima. Naogopa, sitakudanganya. Wapo watakaosema tabibu gani huyu, picha moja anaisoma mara tatu na kila mara anaona kingine. Waseme. Ni kweli.

Nisamehe, baba yangu. Pumzika, kazi yako tunayo. Nakuahidi sitasoma kiwiko cha mtu peke yangu tena, na atakayekosea mbele yangu nitamwita pembeni.

Mwanao wa kazini,
Nyamizi